Ploti Moja Kando ya Steji

Chelangat,

Nguo yako nimeimaliza. Imening'inia hapa mbele yangu kwenye msumari, kola nimeishona mara mbili, na kila nikiitazama nacheka peke yangu mpaka mamako ameniuliza kutoka jikoni kama nimeanza kuzeeka vibaya. Nimemjibu ndiyo. Mtu ambaye binti yake anakwenda Kericho kuapishwa kuwa diwani ana ruhusa ya kuzeeka namna yoyote anayotaka.

Haya ningekuambia kwa mdomo, lakini hali ya nyumba unaiona mwenyewe. Tangu Jumapili wageni wamejaa, shangazi zako waliotoka Kisii wanalala mpaka stoo, na kila nikikuvuta kando anatokea mtu wa kukushika mkono. Tena mimi najijua. Tukikaa uso kwa uso nitaanza na mzaha, halafu nitalia, halafu mjomba wako atapeleka habari sokoni kwamba fundi amelia. Kwa hiyo naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Kikisii chako kinachekesha, na Kikipsigis changu, pamoja na miaka yote niliyokaa na mamako, bado kinafanya wakwe zangu wageukie ukutani.

Habari za blanketi, dawa ya malaria na nani atakuchotea maji huko Sigor, bingwa wake ni mamako. Atakupa zote kesho asubuhi mpaka basi lipige honi. Mimi nina jambo moja tu, na nitalifikia. Usinikimbize.

Kwanza niache nifurahi kidogo. Wewe hukuwepo hapa siku ile matokeo yalipofika. Nilikuwa kwenye veranda nakata suruali ya mwalimu mkuu. Basi la kutoka Sigor likaingia steji, na kabla halijasimama yule utingo mrefu akaning'inia mlangoni akipiga kelele, "Fundi! Msichana amewashinda wazee!" Nilikata ile suruali vibaya. Mguu mmoja ukawa mfupi, na mwalimu mkuu anauvaa hivyo hivyo, anasema ni kumbukumbu. Akina mama waliokuwa wametoka kupima majani ya chai wakaja na vikapu vyao mgongoni, wakaanza kuimba palepale, mamako katikati yao. Mimi sikujua nishike nini, nikashika mkasi. Mtoto wa mshonaji, mtu aliyekuja nchi hii na begi moja, anachaguliwa na watu wa Chepalungu huko Sigor, tena mwanamke, kwa sababu alisimama na akina mama wenzake mpaka kisima chao kikatengenezwa. Nitakapokufa waandike hilo, wasiandike kwamba nilijua kushona.

Sasa nikueleze habari za Koti. Unamkumbuka? Ulikuwa mdogo. Ndiye aliyekuwa diwani wetu siku zile za mwanzo wa uhuru. Jina lake halisi liache lipumzike, watoto wake ni wateja wangu. Watu walianza kumwita Koti kwa sababu yangu, na hadithi hii umeisikia sokoni, lakini umeisikia kwa upande wa kucheka tu.

Wakati huo kaunsili ilikuwa inakata ploti za soko kando ya barabara. Mimi nilikuwa hapa hapa nilipo, kwenye veranda ya duka la mtu, na kila Koti akipita alikuwa ananiambia, "Fundi, nakufikiria." Basi na mimi nikaanza kumfikiria. Nikanunua kitambaa kizito cha kijivu, nikamshonea koti ambalo sijawahi kushona mfano wake, lenye mifuko ya ndani na bitana ya kuteleza. Hakuniomba. Nililipeleka mwenyewe nyumbani kwake. Akalivaa, akajigeuza mbele ya wake zake, akaniambia, "Fundi, wewe ni mtu wa maana." Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ploti zikagawanywa. Moja ikaenda kwa mpwa wake, nyingine kwa shemeji, nyingine kwa mtu aliyempa ndama. Mimi sikupata hata mahali pa kufunga mbuzi. Lakini koti langu lilikuwa linahudhuria kila mkutano. Koti liko ndani, limekalia kiti, mimi niko nje nanyeshewa. Mikutano ikiisha watu walikuwa wanapita kwenye veranda kunipongeza: "Fundi, koti lako limehutubia vizuri leo."

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwita mwizi mbele ya kila mteja. Mamako alinisikiliza siku nyingi akisafisha vibuyu vyake. Siku moja akauliza, "Na kama angekupa wewe hiyo ploti, ungemwitaje?"

Ningemwita mheshimiwa. Ningempigia kura mpaka meno yamtoke. Hasira yangu yote haikuwa kwamba anakula, ilikuwa kwamba hakunikaribisha mezani. Niliona aibu kubwa, na mpaka leo sijaona namna ya kulizunguka lile swali la mamako.

Nakueleza haya kwa sababu nimewasikia wageni wakikuonya juu ya watu wabaya. Watu wabaya hawatakusumbua, utawajua kwa sura. Atakayekuharibu ni mtu kama mimi. Mtu mzuri, mcheshi, anayefanya kazi kwa bidii, mwenye shida ya kweli, anayekuja na kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Utamhurumia. Na ukishalivaa lile koti, hata usipompa kitu, tayari kuna mtu mwingine nje ambaye hana kitambaa cha kukushonea.

Basi usije ukageuka mtu wa kukataa kila kitu na kukunja uso. Hilo nalo nililifanya, na likanitia matatani. Mara ya kwanza kufika kwa babu yako kumposa mamako, nilipewa mursik. Mimi mtoto wa Kisii sikuwa nimeona maziwa ya namna hiyo. Nikachungulia kwenye kikombe nikaona vitu vyeusi vinaelea. Nikafikiri kibuyu hakikuoshwa. Kwa heshima zangu zote, nikamwomba mama mkwe kichujio.

Kichujio, Chelangat! Nilitaka kuchuja mkaa ambao bibi yako alikuwa ameuchoma kwa uangalifu na kusugulia kibuyu ili maziwa yapate utamu. Babu yako akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwepo. Mamako anasema usiku huo alikuwa ameshaanza kutafuta mchumba mwingine kichwani. Sikusamehewa mpaka niliporudi tena na kumaliza kibuyu kizima peke yangu mbele ya ukoo wote, tumbo likiniuma, nikitabasamu.

Huko Sigor watakupa maziwa. Kunywa. Kunywa kwa aliyekuchagua, na kwa yule aliyezunguka na mpinzani wako akisema mwanamke hawezi kusimama mbele ya wazee, kwake huyo omba kuongezewa. Tangu kura zilipohesabiwa wewe ni diwani wake pia, apende asipende. Maziwa hayana ubaya. Maziwa unapewa ukiwa umeketi, watoto wanakuangalia, mama wa nyumba anakuuliza habari za kwenu. Yale mengine utapewa ukiwa umesimama, kando ya njia, na anayekupa ataangalia kushoto na kulia kwanza. Mwili wako utajua kabla ya kichwa.

Mimi mwenyewe, na ujuzi wangu wote huu, wiki iliyopita nilitaka kuanguka tena. Hukuwa umefika. Alikuja mtu wa kilima cha pili, yule mwenye pikipiki, akamfunga kondoo jike kwenye nguzo ya veranda. "Ni wa kumpongeza mtoto tu," akasema. Kondoo amenona, mkia umejaa. Nilishukuru kwa mikono miwili. Mtu yule amekuwa akitafuta leseni ya bucha kutoka kaunsili tangu mwaka jana, na mimi nalijua hilo, soko zima linalijua, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye supu.

Mamako akatokea. "Kondoo wa nani?" Nikasema wa mtoto. Akasema, "Mtoto yuko Sigor. Huyu yuko hapa." Akainama pale kando ya barabara, akang'oa nyasi, akazishika mkononi kama wanavyofanya kwao mtu anapokwenda na amani. Akafungua kamba. Kisha akaniambia nitangulie.

Nilijaribu kumwambia tungoje giza. Alikataa kabisa. Alitaka tupite saa ile watu wanarudi kutoka kituo cha majani, na tukapita katikati yao, mimi mbele, kondoo nyuma yangu akilia, mamako na nyasi zake nyuma ya kondoo. Kila mtu aliuliza tunampeleka wapi, na mamako alimjibu kila mtu. Tulipofika, akampa mwenye kondoo kamba na nyasi pamoja, akasema, "Mtoto amepongezwa. Kondoo amekosa usingizi mjini." Yule mtu alitazama chini, halafu akacheka, angefanya nini tena. Akatuita ndani tukapewa maziwa, tukanywa, tukaagana vizuri. Nilipokuwa narudi nilijiona mwepesi, ingawa ile supu bado naikumbuka.

Kuna na habari ya mdomo. Unajua wangu haufungi. Kuna bwana aliyekuja kushona suti, akaniambia kwa siri kwamba anaoa mke wa pili. Nikamwambia mteja mmoja tu, naye akamwambia mmoja tu, na kabla sijatia vifungo mke wa kwanza akaja kuichukua ile suti, akaikata kwa mkasi wangu mwenyewe. Kwenye kile chumba cha kaunsili utasikia shida za watu, nani amenyimwa, nani ameshindwa kulipa, nani amelalamikiwa. Nikikuuliza, maana nitakuuliza, niambie mvua imenyesha Sigor.

Haya. Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Juzi ulipokuwa unakula ulituambia kwa furaha kwamba karani amekudokezea utawekwa kwenye kamati ya masoko. Kila mtu alipiga makofi. Mimi sikupiga, na ukaniangalia. Ulikuwa umesahau au hukujua: ile ploti moja iliyobaki hapa Kapkatet, kando ya steji, itaamuliwa na kamati hiyo, na walioiomba wakabaki ni wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni Owino.

Owino ninayemsema ni huyu huyu wetu, fundi wa baiskeli, mtu wa ziwani, ambaye tumekaa naye veranda moja tangu hujaanza shule, yeye na spana zake upande ule, mimi na cherehani yangu upande huu. Ndiye aliyekubeba kwenye baiskeli mpaka hospitali ile siku ulipozimia na malaria, mimi nikikimbia nyuma nimeshika kiatu chako. Na mwenye duka ametuambia anajenga, veranda inavunjwa mvua zikianza. Atakayepata ploti atakuwa na paa. Atakayekosa atatafuta turubai, na mvua ya hapa unaijua, haikosi kuja mchana. Kitambaa cha mteja kikilowa mara mbili, mteja hupotea. Na mimi macho yangu si yale ya zamani, siwezi kuanza upya mbali na barabara.

Naitaka hiyo ploti. Sitajifanya mtakatifu mbele yako. Nimeshaijenga kichwani: dirisha linaangalia barabara, meza ya kukatia iko chini ya dirisha, kiti cha mamako kiko mlangoni ili atukane wapita njia vizuri. Sokoni wameshaanza kunipa hongera. "Fundi, sasa mambo yako yameiva." Muuza mbao ameniuliza nataka milango mingapi. Na mimi, Mungu anisamehe, siku ya kwanza nilimwambia miwili.

Kilichonizindua ni Owino. Mtu yule hajawahi kumaliza asubuhi bila kunichokoza, anasema mimi nashona kama mtu anayefukuza nzi. Tangu utingo apige kelele pale steji, Owino hajanichokoza hata mara moja. Alinipa mkono, akasema, "Hongera, baba diwani," akarudi kwenye gurudumu lake. Juzi nikamwona anapanga spana kwenye sanduku. Nikamwuliza vipi. Akasema anafikiria kuhamia Kapsoit kwa ndugu yake. Alisema kwa upole kabisa, bila lawama. Hujaapishwa, hujakalia kiti, hujasema neno moja katika kamati, na tayari rafiki yangu anafungasha vitu vyake kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Niliumia, Chelangat. Nilimkumbuka Koti, na nikaona kwamba safari hii nimo ndani ya nyumba na mwenzangu ndiye aliye mvuani.

Leo mchana, wakati mnapiga picha na shangazi zako, nilikwenda kwake. Nikamwambia, "Owino, usifunge sanduku. Ploti itakapoamuliwa, mtoto hatakuwa kwenye chumba cha kamati."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Yeye amekuambia?"

"Bado. Nitamwandikia."

Akapangusa mikono kwenye ile ovaroli niliyomshonea. Akasema, "Basi nitangoja siku hiyo, fundi. Sanduku naliacha wazi."

Kwa hiyo unaona nimefanya nini. Nimetoa ahadi kwa kinywa chako bila kukuuliza, na wewe sasa ni mheshimiwa, una haki ya kukasirika. Kasirika ukiwa kwenye basi, mpaka mfike Kericho hasira itakuwa imeisha. Lakini ahadi hiyo nakuomba uibebe.

Usiseme utakaa tu kimya bila kupiga kura. Uso wako nimeulea mimi, nausoma kutoka ng'ambo ya barabara, na wenzako watausoma vilevile. Usiende kuongea nao wakati wa chai kabla ya kikao, hata kwa mzaha. Ukitoka, usisimame karibu na dirisha. Na usije ukafanya ujanja wa kumpigia Owino ili watu waseme huyu diwani ni safi sana, alimnyima hata baba yake. Nikinyimwa, ninyimwe na watu wasionijua, kwa sababu Owino ana haki zaidi, lakini nisinyimwe ili wewe upate sifa. Hiyo pia ni kuvaa koti.

Na uamuzi wowote utakaotoka, njoo nyumbani ule. Nikipata, nimeshamwambia Owino upande mmoja wa veranda yangu ni wake. Akipata yeye, nimemwomba kona ya cherehani kwenye veranda yake. Amesema atalifikiria. Mjaluo yule, anaringa na hajapewa hata kokoto.

Mamako ameshazima moto, anauliza ninaandika kitabu gani. Kuna kitu kimoja bado.

Siku hiyo karani atasoma majina. Litakapofika langu moyo wako utaruka, najua, kwa sababu wangu utakuwa unaruka hapa Kapkatet, mguu kwenye cherehani, na sitakuwa nimeshona chochote cha maana tangu asubuhi. Simama, mwanangu. Simama na nguo yako. Useme, "Mheshimiwa mwenyekiti, huyo ni baba yangu." Usiseme kwa aibu. Sema kwa sauti, kila mtu kwenye kile chumba ajue baba yako ni nani. Halafu utoke.

Baba